Mwalimu wa muziki wa Migosi, Kisumu: nimemlipa ada, nimemwagiza wimbo, na haya ndiyo maoni yangu

Tangu jubilei ya kanisa letu simu yangu haipumziki. "Mama Hazina, yule mzee aliyewatungia wimbo mlimtoa wapi? Anatoza pesa ngapi? Anachukua watoto?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo naandika hapa tumalizane.

Mwenye haraka achukue hili aende nalo: ni mwalimu mstaafu wa muziki na mtunzi, anakaa Migosi, bei yake si ya chini. Ukitaka kwaya au mtoto atakayeshika karatasi ya nota na kuimba kilichoandikwa bila kuimbiwa kwanza, mpe pesa yako. Ukitaka kijana wa kupiga kinanda ibada ya Jumapili ijayo kwa kusikia tu, usimsumbue mzee wa watu.

Mimi si mwanamuziki. Ninauza vitenge soko la Kibuye, ninaimba alto (sauti ya chini ya wanawake), na ndimi mweka hazina wa kwaya, kwa hiyo kila shilingi inayotoka lazima inieleze inaenda wapi. Yasome haya ukijua hivyo. Jina la mzee silitaji kwa sababu mwenyewe hataki. Anasema anayemhitaji atauliza na ataonyeshwa. Wanafunzi wake humwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Dholuo, wazazi tunamwita Mwalimu.

Kwanza mjue mnamlipa nani, maana bei yake haieleweki bila historia yake. Ni mtu wa upande wa Siaya, na babu yake alikuwa mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, wa kualikwa kwenye matanga. Nota alizijulia kanisani, kwa solfa, kwenye ule ubao wenye ngazi ya do re mi na fimbo ya mwalimu ikipanda na kushuka. Solfa hii tumeizoea hadi tunaidhani ya nyanya zetu, kumbe ni ya Uingereza: mwanamke mmoja wa Norwich, Sarah Glover, ndiye aliyeanza nayo, halafu John Curwen akaieneza katika karne ya 19, na wamisheni wakaja nayo huku. Magharibi tuliwapata mapema. Waquaker walifika Kaimosi mwaka 1902, na Maseno ikaanza 1906. Ndiyo sababu kwetu Vihiga unaweza kukuta kijiji ambacho hakijawahi kuona piano, na kuna mzee pale anasoma besi kwa solfa huku amekunja miguu kwenye kiti cha kamba.

Basi Mwalimu akasomea ualimu, akazungushwa shule za bweni za Siaya, Vihiga na Kakamega. Kazi yake halisi ilikuwa tamasha. Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927, na anayelijua anajua linavyokula mwalimu: unaanza mazoezi mwaka ukianza tu, unatoka kaunti ndogo, kaunti, kanda, na Mungu akijalia unafika taifa mwezi wa Agosti ukiwa huna sauti. Wimbo wa lazima kila shule inapewa ule ule, kwa hiyo ushindi uko kwenye ile nyimbo ya kujitungia au ya kienyeji iliyopangwa upya kwa sauti nne. Hapo ndipo alipopata jina. Shule nyingine zilikuwa zikituma mwalimu kimya kimya kuja kusikiliza mazoezi yake nje ya dirisha.

Enzi za Moi zilimpa kazi na zikamchosha. Walimu wa muziki waliitwa kutunga nyimbo za sikukuu za taifa, kwaya za watu mamia wakikaa kambini. Mwaka 1982 iliundwa tume ya rais ya muziki, mwenyekiti Washington Omondi, ripoti ikatoka 1984. Mwaka uliofuata mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukaingia, na muziki ukawa somo la kutahiniwa shule ya msingi pamoja na sanaa na ufundi. Mwalimu anakumbuka miaka ile kama mtu anavyokumbuka mvua nzuri. Baadaye somo likatolewa kwenye mtihani, na vipindi vikamezwa na hisabati. Yeye akapewa kufundisha dini hadi alipostaafu.

Alichotoka nacho ni sanduku la chuma, lile la bweni, limejaa nyimbo. Nimeliona. Nyingine kwa kalamu, nyingine zimepigwa taipu kwa solfa, nukta na koloni zimejipanga mstari mmoja hadi huelewi alikuwa na subira gani. Nyingi ziliimbwa msimu mmoja wa tamasha, zikapata cheti, zikafa. Sasa anazinakili moja moja kwenye laptopu kwa programu ya MuseScore, ambayo ni ya bure, na anashangaa kila siku kwamba ni ya bure.

Mimi nilipoliona lile sanduku sikushikwa na huruma, nilishikwa na wasiwasi. Nikamwuliza wazi: "Mwalimu, huu wimbo wa jubilei ni mpya, au unatutolea wa zamani ufute vumbi?" Hakukasirika. Alinisogezea sanduku akaniambia, "Nyar Maragoli (binti wa Maragoli), kaa hapo utafute. Ukiupata ndani, nakurudishia pesa." Nilikaa nikatafuta. Haumo.

Sasa kazi yenyewe ya kutunga.

Tulikuwa na historia mbaya. Mtunzi mwingine, wa mji mwingine, alituuzia wimbo kwa WhatsApp bila kutuona. Sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, ilipanda hadi do ya juu kwenye key ya A, mahali ambapo tena wetu hufika tu wakikanyagwa. Neno "Bwana" aliliwekea silabi ya mwisho juu kabisa, ikashikiliwa mapigo manne, tukawa tunaimba "bwanaaaa" kama watu wanaomwita mbwa aliyepotea. Tuliuimba Jumapili moja, tukauzika.

Mwalimu hakukubali kuandika hata nota moja kabla ya kutusikia. Alikuja mazoezini, akakaa nyuma na daftari la kurasa 32 na penseli. Kisha akatuita mmoja mmoja tuimbe ngazi, tupande hadi sauti ikatae, tushuke hadi ipotee. Watu walicheka, wengine waliona haya, mwenyekiti wa kwaya aliona anavunjiwa heshima. Mzee akaandika tu. Mwisho akatusomea hali yetu kama daktari: soprano wetu ni wengi lakini wanaochukua mstari ni watatu, wengine wanawafuata nyuma kidogo, watu wa tena halisi ni wawili, waliobaki ni baritoni, sauti ya kati ya wanaume, waliokwenda kukaa pale kwa sababu besi imejaa, alto wako sawa ila wanaogopa. Hiyo ya alto wanaogopa iliniuma kwa sababu ni kweli.

Key ya wimbo aliichagua baada ya hapo. Watu wa tena aliwaandikia mstari ambao wale baritoni wanaumudu, na mahali pawili tu ndipo wale wawili halisi wanapandishwa. Alto ambao kwa kawaida tunajazia katikati kama mchanga kwenye kokoto, tulipewa sehemu ambayo kwaya nzima inanyamaza na sisi tunaimba peke yetu, chini chini, kabla ya wengine kurudi. Mazoezi ya kwanza tuliishia kuangaliana. Siku ya jubilei hatukuogopa.

Maneno yalikuwa ya katibu wetu, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya mtunzi na mtu anayebandika maneno juu ya tuni. Alitusomesha mashairi kwa sauti ya kawaida, bila tuni yoyote, huku tunapiga makofi. Kwenye "tunakushukuru Bwana kwa wokovu" akaweka alama ya penseli chini ya "ku" ile ya karibu na mwisho, chini ya "bwa" na chini ya "ko". Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kila mtu anajua hata kama hajui kwamba anajua. Pigo zito la muziki lazima liangukie hapo. Likiangukia kwingine, maneno yanasikika ya mgeni, na msikilizaji anachoka bila kujua kinachomchosha.

Beti ya Dholuo ilimchukua muda mrefu kuliko yote. Dholuo ni lugha ya toni. Ukipandisha sauti mahali pa kushuka, umesema kitu kingine au hujasema kitu. Alimwita mama mmoja mzee wa kwaya yetu, akamwomba aseme mistari ile polepole kama anaongea na mjukuu, na yeye akawa anachora juu ya maneno kamstari kanapanda na kushuka. Ile tuni ilitoka kwenye kale kamstari. Kwa beti ya Kimaragoli akanigeukia mimi: "Sema kama unavyomwambia mama yako." Nikasema. Akaniambia nirudie bila kujitia mhubiri. Anasema nyimbo nyingi za vitabuni zilizotafsiriwa zilivishwa tuni za Ulaya bila mtu kuuliza lugha inataka nini, na sisi tumezizoea hivyo hivyo tangu utoto, ndiyo maana hatusikii kasoro.

Kinanda kwenye ile beti ya Dholuo hakipigi chodi, yaani nota kadhaa kwa pamoja. Mkono wa kushoto unafuata mtindo wa nyatiti, nyuzi zake nane zikijibizana, na mmoja wa besi anagonga mti kwa pete ya chuma pale ambapo mpiga nyatiti angegonga kwa pete ya kidole gumba cha mguu. Mwishoni isukuti inaingia. Kamati ilitaka kukodisha ngoma mbili ili kuokoa pesa, na kamati hiyo ni mimi. Mwalimu akakataa katakata: isukuti ni ngoma tatu, mama, baba na mtoto, na ukitoa moja unabaki na kelele. Ngoma hiyo ya Waluhya wa Isukha na Idakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, akasema, na adui wake wa kwanza ni watu wa bajeti kama mimi. Nililipa ya tatu. Ilistahili.

Bei: wimbo mzima ulitugharimu KSh 12,000, nusu kabla na nusu baada ya kusikia. Tulipata nakala ya nota za mistari mitano na nakala ya solfa, zote safi za kuchapishwa, pamoja na rekodi nne za kibodi, kila sauti peke yake, za kutumia kujifunzia nyumbani. Hizo rekodi pekee zilitupunguzia mazoezi. Yule wa WhatsApp alituchukulia pesa pungufu kidogo tu kwa picha ya karatasi iliyokunjika.

Hapa naomba wahazini wenzangu mnisikilize. Kabla hajaanza, Mwalimu anakupa karatasi ya makubaliano ya ukurasa mmoja usaini. Inasema hakimiliki inabaki yake, na kwaya ina ruhusa ya kuuimba milele, kuurekodi, na kutoa nakala kwa wanakwaya wake, lakini si kuuza karatasi wala kumpa mtu mwingine aseme ni wake. Damu ilinichemka. Pesa yetu, wimbo wake? Nikaenda kuuliza. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri, hakimiliki inahesabiwa kuhamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine. Ile karatasi ndiyo "vingine" vyenyewe. Maana yake ni kwamba una haki ya kubishana nayo kabla ya kusaini. Nilibishana. Tulikubaliana kwamba asiuuze wimbo wetu kwa kwaya nyingine ya Kisumu kwa miaka mitano, na jina la kanisa likae kwenye kila nakala. Alikubali bila matata. Alinieleza pia kwa nini anang'ang'ana: hakimiliki ya wimbo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na yeye alipokuwa kijana aliachia nyimbo zake ovyo, sasa anazisikia redioni zikitajwa kuwa "za kienyeji", hazina mwenyewe. Mwenye kwaya yoyote inayoagiza wimbo kwa mtunzi yeyote, andikeni karatasi. Tuache mambo ya "tutaelewana".

Upande wa masomo nimempeleka kijana wangu. Somo la kinanda ni KSh 1,000 kwa saa. Mnaingia chumba cha mbele, chenye piano ya zamani ya mbao ambayo unyevu wa ziwa umeiharibia nota kadhaa za juu, na kando yake kibodi ya umeme yenye funguo 88. Nje kuna mashine ya kusaga unga. Inapowashwa ukuta unatetema, na Mwalimu badala ya kulalamika anawauliza watoto, "Hiyo mashine iko wapi leo? Kama do ni F, yeye ni nani?" Mtoto anaimba akitafuta, hadi aseme "la" au "so". Mashine ikipunguza kasi, swali linarudi upya. Mwanzoni niliona ni mchezo. Halafu kijana wangu akaanza kuniambia nyumbani pikipiki ya jirani iko kwenye mi.

Wazazi wengi wanataka kusikia habari za mitihani, basi ni hivi. Anaandaa watoto kwa mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ambayo ina gredi 1 hadi 8. Mtihani wa vitendo una alama 150: vipande vitatu vya alama 30 kila kimoja, skeli (ngazi za nota) 21, kusoma nota papo kwa papo 21, na mtihani wa masikio 18. Kupita ni 100, daraja la pili ni 120, la juu 130. Kijana wangu alipata 118 kwenye gredi ya 3. Nilipoona hizo alama mbili zimepungua nilitaka kulia, lakini nilipoangalia mgawanyo nikatulia: kusoma papo kwa papo alipata 19 kati ya 21. Huko ndiko watoto wengi huanguka, kwa sababu wamekaririshwa vipande vitatu mwaka mzima na hawajui kusoma kitu kingine chochote. Vipande ndivyo vilivyomwangusha wangu, na sababu naijua, ni mchezo wa mpira.

Jambo ambalo shule moja ya muziki tuliyoanza nayo haikutuambia, na Mwalimu alituambia siku ya kwanza: ukitaka kufanya gredi ya 6 na kuendelea, lazima kwanza upite gredi ya 5 ya nadharia, au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake. Kuna wazazi wanaligundua hili mtoto akiwa tayari amenunuliwa vitabu vya gredi ya 6. Anayetaka kufanya somo la muziki kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, naye anamfaa, maana huko kuna vitendo, usikivu na nadharia, na Mwalimu amefundisha yote matatu.

Kuhusu kununua kibodi, ushauri wake uliniokolea pesa. Muuzaji mmoja mjini alitaka kunipa ya bei ghali yenye midundo mia na taa. Mwalimu akasema kwa anayeanza, funguo 61 zinatosha mradi ziwe zinajua umebonyeza kwa nguvu au taratibu. Midundo na taa usizilipie. Mtoto akifika gredi ya 3 ndipo utafute ya funguo 88 zenye uzito.

Darasa la Jumamosi ndilo ninalolipigia debe kuliko yote, na ndilo watu hawaliulizii. Ni la walimu wa kwaya na waimbaji, KSh 300 kwa kichwa, kuanzia saa nane mchana. Hapo anawatoa watu kwenye solfa kuwapeleka kwenye mistari mitano, bila kuwatukana solfa yao. Mfano alioutumia tulipoanza ulikuwa wimbo wa taifa. Tuni yake ilitokana na bembelezo la Wapokomo, na mwaka 1963 watu watano walikabidhiwa kuutengeneza: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na huyo huyo Washington Omondi. Kila mmoja wetu anauimba tangu chekechea. Akatupa mistari mitano mitupu akasema tuuandike. Darasa likawa kimya kabisa. Kumbe kuimba wimbo maisha yako yote si sawa na kujua umepita wapi. Alituanzisha na nota nne za kwanza tu, tukazitafuta kwa solfa kwa kuimba, tukazihesabia mapigo, ndipo tukazipandisha kwenye mistari. Jioni ile tulitoka na mstari mmoja wa wimbo, umejaa raba.

Kwaya yetu ilituma watu sita kwenye hilo darasa. Leo mwalimu wetu wa kwaya akileta karatasi mpya, wale sita wanaanza kusoma, wengine wanawaegemea, na wimbo ambao ungechukua mwezi unachukua Jumamosi kadhaa. Hatujamwagiza Mwalimu wimbo mwingine tangu jubilei kwa sababu kijana mmoja wa tena ameanza kututungia mwenyewe. Anampelekea Mwalimu karatasi zisahihishwe kwa KSh 500 ukurasa. Nilimwuliza mzee kama haoni anajiharibia biashara. Akasema karatasi za yule kijana zina makosa mengi sana, kwa hiyo biashara ipo.

Sasa mabaya yake, maana sikulipwa kusifu.

Risiti hana. Nilimwambia kwaya ni chombo cha watu, siwezi kusimama mbele ya wanachama na maneno matupu. Akaniandikia kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la muziki, lenye mistari mitano, "nimepokea". Katibu ameliweka faili. Tangu hapo ninalipa kwa simu ili ujumbe ubaki, na nawashauri mfanye hivyo.

Wakati kwake ni wa kukadiria. Wewe ukichelewa anakata muda wako, yeye akichelewa anaanza kusimulia. Somo la saa moja linaweza kuwa la saa moja na nusu akinogewa, au dakika 40 mtoto akionekana amechoka, na bei ni ile ile. Umeme ukipotea anahamia piano, ambayo nota zake za juu nimeshazitaja. Hataki mtu arekodi somo kwa simu. Nilijaribu nikaambiwa nitumie masikio.

Kwa watoto wadogo simpendekezi. Hana michoro wala vibandiko, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea vijana 80 ukumbini. Binti ya rafiki yangu wa miaka sita alitoka pale analia, ingawa hakuna aliyemgombeza. Anzia miaka tisa hivi, kwa mtoto anayetaka mwenyewe.

Na kwa vijana wa makanisa ya sifa na kuabudu, nasema kwa upendo, hamtaelewana. Mwanangu alimwomba amwonyeshe seben ya Kikongo, ile sehemu ya kuchezesha watu. Mwalimu akamwambia aiandike kwanza kwenye karatasi, ndipo waizungumzie. Mtu wa kupiga kwa kusikia ana mambo yake, wapo mafundi hodari mitaa ya Kondele na Manyatta watakaomfikisha kanisani upesi kuliko huyu mzee. Hapo nafikiri Mwalimu amekuwa mgumu kupita kiasi, hasa kwa mtu ambaye babu yake alipiga nyatiti bila karatasi yoyote. Nilimwambia hivyo. Akasema babu yake alikaa miaka miguuni pa mpigaji mwingine kabla ya kugusa uzi, na hao vijana wanataka wiki mbili.

Ukienda, shuka Migosi uulize nyumba ya mwalimu wa muziki karibu na mashine ya kusaga, hata watu wa boda wanaijua. Nenda na daftari la muziki lenye mistari, penseli na raba. Kalamu ya wino hairuhusiwi mezani kwake. Kwaya ikitaka wimbo wa Krismasi, mpeni oda mapema Septemba. Wa Pasaka, Januari. Kuanzia Mei hadi tamasha liishe Agosti usihangaike, shule zinamchukua kunoa wanafunzi, na simu yake hujibiwa na mkewe, ambaye atakwambia kwa heshima zote kwamba Mwalimu yuko mazoezini na hajui atarudi lini.